Miji ya Pwani ya Kusini (2): Mtaa Mkuu wa Kilwa Kivinje

Wiki iliyopita tuliishia Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa. Leo tuvuke tuje bara, Kivinje, tuutazame mtaa wa maduka ya zamani ulio nyuma ya boma la Wajerumani. Watalii wachache hufika huku. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi inapita Nangurukuru, nje ya Kivinje, na basi la Lindi halina sababu ya kukata kona.

Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa: chini duka, juu makazi, mbele baraza, na mlango wa nakshi wa kutangaza uwezo wa mwenyewe. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Waliikopesha misafara nguo na shanga, wakalipwa kwa pembe na sandarusi. Lakini tusifichane: biashara kubwa ya mji huu ilikuwa watu. Katika miaka ya 1860 watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa, wengi wakitokea pande za Ziwa Nyasa, mpaka Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1873. Anayeisifu milango ile akalikwepa hilo anatusimulia nusu ya habari.

Mwaka 1888 wenyeji waliwaua mawakala wawili wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapa hapa kwenye mwembe. Mwembe wenyewe ukaitwa Mwembe Kinyonga.

Hata hivyo, si vita vilivyoudhoofisha mtaa huu, ni kina cha maji. Ufuko wa Kivinje ni wa tope. Maji yakipwa, jahazi linakaa chini. Jahazi huvumilia, meli haivumilii. Kilwa Masoko ina bandari ya kina kirefu, na baada ya Vita Kuu ya Pili makao ya wilaya yakahamia huko. Karani alihama, mteja akamfuata, mwenye duka naye akafunga. Nyumba ya chokaa isiyoezekwa upya haina maisha: paa likivuja boriti huoza, dari huanguka, kisha ukuta.

Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kivinje haimo, ingawa huku watu bado wanaishi na baraza bado zinakaliwa. Wahusika wa mambo ya kale waanze na mapaa, kabla ya masika. Vibao vya maelezo vitafuata. Wiki ijayo, Lindi mjini.