Kabla ya kununua vifaranga vya tilapia, uliza ukoo wao

Wewe na mabeste wako mnaochanga pesa muweke kizimba cha samaki Ziwa Victoria, ngojeni kidogo. Najua hesabu mmepiga: vifaranga, chakula, mlinzi wa usiku, halafu miezi kadhaa baadaye mnavuna. Lakini virusi mmeviweka wapi kwenye hiyo hesabu?

Kuna virusi vinavyoitwa TiLV, vinavyoshambulia tilapia. Vilitambuliwa Israel mwaka wa 2014, na 2018 watafiti wakaripoti kuvipata kwa samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania. Samaki haonyeshi pasipoti akivuka mpaka, bana. Vifaranga ndio huumia zaidi, na ukishaona wanaelea, dawa ya kuwaponya hakuna.

Sasa sikiliza kilichotokea Malaysia. Mwaka huo huo wa 2018, TiLV iliingia kwenye bwawa la watafiti wa shirika la WorldFish. Bahati nzuri, kila samaki alikuwa na alama na wazazi wake walijulikana. Walipohesabu waliokufa, kumbe kuna familia zilizofagiliwa zote na nyingine hazikupoteza hata mmoja. Maji yale yale, chakula kile kile.

Walipochunguza jeni, sehemu moja ya kromosomu ya 22 ikajitokeza. Samaki waliorithi nakala nzuri kwa baba na kwa mama, walikufa 11 tu kati ya 100. Waliorithi mbaya pande zote mbili, 43.

Na unajua hao tilapia ni kina nani? Ni aina ya GIFT, iliyoanza kuzalishwa Ufilipino mwaka wa 1988. Baadhi ya mababu zake walichukuliwa huku Kenya. Ndiyo, samaki wetu!

Kabla hujauliza: hii si GMO. Hakuna jeni iliyopachikwa. Ni kama vile shosho anavyomfuga jogoo aliyepona ugonjwa uliomaliza kuku wa kijiji, ila hapa wanapima jeni kwanza badala ya kungoja vifo.

Norway walishafanya hivi kwa samaki aina ya salmoni. Ugonjwa wao wa virusi unaitwa IPN. Mwaka wa 2009 visa vilipita 200. Wakaanza kuuziwa mayai ya salmoni wenye jeni ya kuuhimili, na kufikia 2015 visa vilikuwa 30. Baadaye aina mpya ya virusi ikaanza kuwasumbua hata hao samaki sugu, kwa hivyo kazi ya kuchagua wazazi haiishi.

Jeni hazitibu kila kitu pia. Samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi Kisumu mwishoni mwa 2022, watafiti walisema oksijeni majini ilikuwa imepungua. Hapo ukoo haungewasaidia.

Kwetu, kituo cha KMFRI kule Sagana huchagua tilapia wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi. Kukua haraka ndiko wateja wengi huulizia. Wewe ukifika kwa muuzaji, ongeza maswali mawili: wazazi wa vifaranga hawa walitoka wapi, na wamewahi kupimwa TiLV? Akianza kuzungusha maneno, rudi na pesa zenu.