Chupa ya Kioo na Tembo Lisilotulia

Tembo la mnazi likifungwa kwa kizibo kigumu ndani ya chupa ya kioo kabla halijamaliza kuchacha, chupa hiyo inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa na mtu. Vipande vyake huruka kwa kasi ya kutosha kukata mshipa wa mkono au kutoboa jicho. Hatari hii haitokani na ulevi, wala si ile ya sumu inayozungumzwa kila pombe haramu inapoua watu. Inatokana na gesi, na humpata hata asiyeonja kileo maishani mwake: mtoto aliyelala kando ya kabati, au mama anayepita jikoni.

Tembo linalonywewa Likoni, Kisauni na Changamwe, mjini Mombasa, hutoka zaidi katika mashamba ya Kwale na Kilifi. Mgema hupanda alfajiri na jioni, akakata kwa kotama utepe mwembamba kwenye kole changa lililo bado ndani ya karara, na maji matamu yakadondokea kibuyuni. Lita moja ya maji hayo ina gramu 100 za sukari au zaidi. Hamira ya asili iliyo hewani na kwenye kuta za kibuyu huanza kuila sukari hiyo papo hapo, na katika muda wa saa mbili hivi kileo kinaweza kufikia asilimia 4. Tembo linapofika mangweni Mtopanga au Magongo huwa linatoa povu. Povu hilo ni gesi ya kabonidioksidi, ambayo karibu inalingana kwa uzito na kileo chenyewe: kila gramu ya sukari inayochacha huzaa takriban nusu gramu ya kileo na nusu gramu ya gesi.

Hesabu ya gesi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Gramu 10 za sukari, yaani vijiko viwili na nusu vya chai, hutoa zaidi ya lita mbili na nusu za gesi. Zikichacha ndani ya chupa ya lita moja iliyofungwa barabara, katika joto la nyuzi 30, shinikizo la ndani hufikia takriban mara nne ya hewa ya kawaida. Hilo ni zaidi ya shinikizo lililomo katika gurudumu la gari dogo. Na gramu 10 ni sehemu ya kumi tu ya sukari aliyoanza nayo mgema. Tembo tamu la asubuhi, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa halijawa kali, ndilo lenye sukari nyingi iliyobaki, kwa hiyo ndilo la hatari zaidi kufungwa.

Kioo hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu kinapovutwa, na gesi iliyo ndani huvuta kuta za chupa kuelekea nje. Mkwaruzo mdogo usioonekana kwa urahisi unatosha kuwa mwanzo wa ufa. Ndiyo sababu chupa ya bia iliyorudishwa kiwandani mara nyingi, ikasuguana na nyingine kwenye kreti, haina tena nguvu iliyozaliwa nayo, ingawa angalau iliundwa kwa kinywaji chenye gesi. Chupa za pombe kali, za sosi, za asali na mitungi ya jemu hazikuundwa kwa shinikizo lolote. Mbaya kuliko zote ni chupa za pembe nne, kwa sababu mvuto hukusanyika kwenye kona. Chupa ya aina hiyo hupendwa nyumbani kwa uzuri wake na kizibo chake cha kuzungusha kinachobana sawasawa, na ubanaji huo ndio unaoifanya isifae.

Wazee wa Kimijikenda hawakuwa na tatizo hili. Kibuyu hakikuzibwa kwa nguvu. Gesi ilipita mdomoni, na tembo lilinywewa siku ileile kwa mrija wenye chujio la nyuzi. Hata tembo la kupeleka kwenye posa na mahari lilisafiri likipumua. Mazoea ya kulifunga yamekuja na maisha ya mjini, ambako kinywaji husafirishwa kwa matatu au bodaboda, huvushwa kwa feri na kuhifadhiwa hadi mwisho wa juma, na mnunuzi hataki limwagike.

Watengenezaji wa mvinyo wenye gesi wa Champagne, Ufaransa, waliyapitia mateso haya ya chupa kupasuka kwa miaka mingi. Chupa moja ikilipuka ghalani ilizipasua za jirani, na wafanyakazi walivaa barakoa za chuma usoni. Mwaka 1836 mfamasia Jean-Baptiste François alichapisha njia ya kupima sukari iliyobaki kabla ya kufunga, na hasara ikapungua. Chupa za mvinyo huo leo ni nene na nzito mno, kwa kuwa hubeba shinikizo la takriban mara sita ya hewa ya kawaida. Lakini njia ya kupima haimsaidii sana muuzaji wa mnazi. Mvinyo huachwa uchache hadi mwisho, kisha huongezwa sukari ya kiasi kinachojulikana. Tembo huuzwa likiwa katikati ya kuchacha, na kila kibuyu kina kasi yake.

Joto la Pwani huongeza uzito wa mambo. Kinywaji baridi humeza gesi nyingi, kinywaji cha moto huitema. Chupa iliyotulia ndani ya friji kwa nyuzi 4 huwa na shinikizo maradufu na zaidi ikitolewa na kuachwa katika nyumba ya mabati mchana wa Machi. Hamira nayo, iliyokuwa imelegea kwa baridi, huamka na kuendelea na kazi. Kutikiswa njiani hufukuza gesi iliyoyeyuka ijae chini ya kizibo, na kugonganishwa kwa chupa ambayo tayari imevutika huweza kumalizia kilichobaki. Kubeba chupa kama hiyo ndani ya shati au mfuko ulioegemea tumbo ni jambo la kuepukwa kabisa.

Mitungi mikubwa ya kioo ina madhara yake hata isipofungwa. Mtungi wa lita 20 ukijaa hupita kilo 20, na mikono yenye maji au povu huteleza. Unapoanguka, anayeubeba kwa kawaida hujaribu kuudaka, akakatwa kano za vidole au za kifundo cha mkono. Usiinuliwe kwa shingo. Ukae ndani ya kreti na ubebwe na watu wawili. Vilevile, maji ya moto yasimiminwe ndani ya kioo baridi, iwe ni ya kuoshea au ya kupikia: upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje, na kitako hukatika.

Chombo kinachofaa tembo hai ni kile kinachoruhusu gesi kutoka: kibuyu, au ndoo ya plastiki ya chakula yenye kifuniko kilicholegezwa. Kwa safari, chupa ya plastiki ya soda ni salama zaidi kuliko kioo, kwani iliundwa kwa shinikizo na hujikaza kabla ya kushindwa. Mkono ukihisi imekuwa ngumu, kizibo kilegezwe. Mtungi uliobeba mafuta au dawa haufai, na ndoo ya mabati pia haifai kwa kuwa uchachu huyeyusha zinki.

Nyumba zisizoingiza pombe hazijasalimika. Juisi ya miwa, ya ukwaju au tangawizi ya kienyeji, ikifungwa ndani ya chupa ya kioo na kusahauliwa nje ya friji, huchacha vivyo hivyo. Anayetaka siki ya mnazi naye aache chombo wazi, kimefunikwa kitambaa tu, kwani siki haiwi bila hewa.

Chupa inayoshukiwa kujaa gesi ifunikwe kwanza kwa blanketi nzito au gunia mahali ilipo, na watu waondoke karibu. Ikipasuka, kinywaji chote kimwagwe. Hakuna kitambaa kinachochuja kioo kwa uhakika. Vipande vifagiliwe, kisha sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi kitakachotupwa. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa nguo safi, lakini kipande kilichozama kisichomolewe: nguo ibanwe pembeni mwake. Jicho lililochomwa lisisuguliwe wala kuoshwa. Lifunikwe kwa kikombe kisicholigusa, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Kwa wakazi wa Likoni, ambao huenda wakalazimika kuvuka kivuko kufika Hospitali Kuu ya Pwani, mkandamizo wa jeraha linalovuja damu usiachiliwe hata kidogo hadi mhudumu wa afya aupokee.