Gololi, Picha na Uvimbe Usiotulia

Tiba mionzi inayoongozwa na picha ni njia ya kutibu saratani ambapo mgonjwa hupigwa picha akiwa amekwisha lazwa kwenye kitanda cha mashine, dakika chache kabla ya mionzi kufunguliwa, ili ijulikane uvimbe uko wapi siku hiyo. Uzito wa jambo uko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume hupangiwa tiba kwa picha za siti-skani zilizopigwa siku moja, lakini dozi yake mara nyingi hugawanywa mara 20, na kwa mpango wa zamani hata 39, siku tano kwa wiki. Katika wiki hizo kibofu hujaa na kupungua, gesi hupita, mwili hukonda. Tezi dume, iliyobanwa kati ya kibofu na puru, husukumwa milimita kadhaa huku na huko. Uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu haungoji hata kesho: hupanda na kushuka kwa kila pumzi.

Awali wataalamu walitegemea alama za wino kwenye ngozi, zilizolinganishwa na mistari ya taa za leza. Alama hizo zilisema kweli kuhusu ngozi; kuhusu kilichomo ndani zilikisia tu. Kwa sababu hiyo uvimbe ulizungushiwa ukanda mpana wa tahadhari, ili mionzi iupate hata ukisogea. Ukanda huo una gharama kubwa kuliko unavyodhaniwa. Uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 6 una ujazo wa sentimita za ujazo 113 hivi. Ukiongezwa ukanda wa sentimita 1 pande zote, sehemu inayopigwa hufikia 268. Ukanda ukiwa wa nusu sentimita, ni 180. Tofauti ya 88 ni nyama isiyo na ugonjwa, pengine ukuta wa puru au wa kibofu.

Mionzi ya tiba yenyewe inaweza kupiga picha, ila nguvu yake ni kubwa mno: hupenya mfupa na nyama karibu sawasawa, na picha hutoka imefifia. Katika hospitali ya William Beaumont, mjini Royal Oak, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwanafizikia tiba David Jaffray na wenzake walifunga kwenye linaki, yaani mashine ya tiba, mrija wa eksirei za nguvu ndogo, na upande wa pili bamba la kunasa picha. Makala yao ya mwaka 2002 ilieleza jinsi mashine inavyomzunguka mgonjwa mara moja, kitanda kikiwa kimetulia, huku mwale wenye umbo la pia ukinasa mamia ya picha. Kompyuta huziunganisha kuwa taswira ya pande zote, ikalinganishwa na ile ya mpango, na kitanda kikasogezwa kufidia tofauti.

Hata hivyo, picha nzuri inaweza kudanganya. Jicho linalopiga picha na mwale unaotibu ni vitu viwili, navyo vikipishana milimita 3, kila mgonjwa atapigwa pembeni kwa milimita 3, kwa uhakika kabisa. Kwa hiyo mwanafizikia huweka gololi ndogo ya chuma mahali miale inapokutana, akaipiga picha kwa mifumo yote miwili na kupima mwachano. Kwa tiba ya dozi kubwa kwenye uvimbe mdogo, mwachano unaovumiliwa ni kama milimita 1. Mgonjwa humkumbuka daktari na waliomlaza kitandani. Huyu wa gololi pengine hatamwona kamwe.

Ni yeye pia anayehesabu ukanda unaobaki. Mwaka 2000 Marcel van Herk na wenzake, mjini Amsterdam, walionyesha kuwa makosa hayalingani uzito. Kosa linalobadilika kila siku hutia ukungu tu kwenye kingo za dozi, kwa kuwa leo ni kushoto na kesho ni kulia. Kosa linalojirudia vilevile kila siku huacha upande mmoja wa uvimbe na njaa ya mionzi tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kanuni yao la pili huzidishwa kwa 2.5, la kwanza kwa 0.7. Picha ya kila siku hupunguza hasa lile zito.

Eksirei nazo ni mionzi, hivyo dozi ya picha hupimwa na kuwekwa chini kadiri inavyowezekana, zaidi kwa watoto. Njia isiyo na dozi hiyo ya picha pia ipo: huko Utrecht, Uholanzi, mwaka 2017 wagonjwa walianza kutibiwa kwa linaki iliyounganishwa na mashine ya picha za sumaku ya tesla 1.5, ambayo huonyesha nyama laini hata mionzi ikiendelea kupigwa. Sumaku hiyo hupinda njia ya elektroni mwilini, na penye hewa, kama utumboni, huzirudisha zilikotoka. Dozi ya kila mpango hubidi ihesabiwe pamoja na mpindo huo.