Mbwa mkali siku ya kuogeshwa: akinguruma, msikilize

Leo tuweke kando mahindi na maharage, tuongee kuhusu mbwa. Nimeulizwa sana swali hili: "Bwana mifugo, mbwa wangu ana kupe mpaka ndani ya masikio, lakini ukimsogelea na dawa anataka kukurarua. Nifanyeje?"

Swali hili nalijua vizuri. Kovu lake ninalo kwenye mkono wa kushoto.

Miaka michache iliyopita niliitwa na mzee mmoja hapa Kasanda kuogesha mbuzi. Tulipomaliza akaniambia, "Na huyu mlinzi wangu je?" Dume kubwa, chotara wa mbwa wa kizungu, limefungwa kamba chini ya mwembe. Jua linazama, mimi nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Nikamwendea moja kwa moja, bomba mgongoni, napuliza pssss. Mbwa akanguruma. Kijana mmoja akamchapa fimbo. Akanyamaza. Nikadhani ametulia, nikashika kamba ya shingoni. Hapo hapo akaning'ata.

Baadaye ndiyo tukaona kwamba ile kamba ilikuwa imemkata shingo, kidonda kimejificha kwenye manyoya. Kumbe yule mbwa alikuwa na maumivu. Na alinionya kabisa, sisi ndio tuliomnyamazisha.

Basi hili ndilo la kushika: mngurumo ni onyo. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma, hofu yake inabaki palepale, kinachoondoka ni onyo. Safari ijayo atang'ata kimya kimya.

Dalili kabla hajang'ata

Mbwa anakakamaa mwili, anafunga mdomo ghafla, masikio yanalala nyuma, weupe wa jicho unaonekana. Wengine wanalamba midomo au kupiga miayo wakati hawana njaa wala usingizi. Na usidanganyike na mkia: kuutikisa siyo furaha kila mara. Mkia uliosimama wima na mwili ukiwa mgumu, rudi nyuma.

Maandalizi ya wiki moja

Kazi hii ni ya mwenye mbwa, siyo yangu. Kila siku dakika tano zinatosha. Mguse mgongo, mpe dagaa. Mguse mguu, dagaa. Mguse sikio, dagaa. Weka karai tupu karibu yake alinuse. Ukiona kidonda au sikio linalotoa usaha, tuanze na matibabu, kuogesha kutafuata.

Siku yenyewe

1. Watoto na watazamaji wakae mbali. Anayemshika awe mtu anayemzoea.

2. Simama ubavuni mwake. Usimwinamie usoni wala kumkazia macho.

3. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kirefu, kama mita moja na robo. Mwenye mbwa atengeneze kitanzi kikubwa, akipitishe kwenye pua na mdomo, akaze kwa juu. Kisha ncha zipite chini ya kidevu, zipishane, zifungwe nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka haraka. Ni kwa dakika chache tu, maana mbwa anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Mbwa anayetapika, anayehema sana au mwenye pua fupi usimfunge hivyo.

4. Acha bomba, mlio wake unatisha. Vaa glovu, tumia sifongo, anza mgongoni, kichwa kiwe mwisho. Dawa iwe inayoruhusiwa kwa mbwa na kipimo kiwe cha kwenye kibandiko, usikisie kwa kipimo cha ng'ombe. Watoto wa mbwa uliza kwanza.

5. Akianza kukakamaa, acha. Kumalizia kesho si aibu. Haraka haraka haina baraka.

Mbwa wa kutogusa kabisa

Mbwa mpole aliyebadilika ghafla, anatoa udenda, sauti imebadilika, anayumba au anauma miti na mawe, huyo usimwogeshe. Inawezekana ni kichaa cha mbwa. Kaa mbali, wazuie watoto, toa taarifa kwa afisa mifugo haraka.

Ukishang'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko mdogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ukioshwa na kuchanjwa mapema, kinazuilika.

Mbwa aliyeng'ata, kama anaonekana mzima, msimuue. Mfungeni salama, aangaliwe siku 10. Ila wewe usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende hospitali!

Mimi nilisubiri huku nachomwa sindano. Mbwa wa mzee hakuwa na chanjo hata moja. Kila asubuhi nilipiga simu: "Mzee shikamoo, amekula?" "Marahaba, amekula." Siku 10 jamani ni nyingi ukiwa na watoto nyumbani wanaokutazama. Siku ya mwisho akaniambia, "Bwana mifugo, leo kala ugali wangu mimi." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kidonda kilitibiwa, kamba ikabadilishwa kwa mkanda mpana, mbwa akachanjwa. Siku hizi mzee anamwogesha mwenyewe, dagaa mfukoni.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini wewe usingoje tarehe. Kama mbwa wako hajachanjwa mwaka huu, muulize afisa mifugo wa kata yako wiki hii. Na ukienda kumchanja, mazoezi ya dagaa yaanze leo.