Mathe Sibazuri, Staa Aliyebamba Buja Nzima

Wasee wa Buja, yaani Bujumbura, wanajua majina ya wachekeshaji wote wa TikTok, lakini uliza nani aliandika risto iliyoshika Burundi kutoka mjini hadi ocha, wengi watakucheki tu. Anaitwa Marie-Louise Sibazuri, na props zake zimechelewa mbaya.

Miaka ya tisini mambo yalikuwa noma. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vita ikalipuka, na kufikia 1995 Bujumbura ilikuwa imegawanywa mtaa kwa mtaa. Kamenge ilijulikana ni ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi. Ukipotea njia ukaingia mtaa wa wenyewe, unaweza usirudi hao. Na hapo Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa ishaonyesha 1994 vile maiki ikishikwa na watu wa chuki inamaliza watu.

So mwaka wa 1995 shirika la Search for Common Ground likafungua studio ya redio, Studio Ijambo, hapo Buja, Wahutu na Watutsi wakipiga kazi kwa timu moja. 1997 mathe Sibazuri akaangusha Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia. Mchezo wa redio kwa Kirundi: familia mbili majirani, moja ya Kihutu, ingine ya Kitutsi, na maisha yao yote ya kila siku katikati ya vita.

Hapo ndipo huyu mathe ananimaliza. Wakati vijana wa Kamenge hawangeweza kukanyaga Ngagara, sauti za hizo familia ziliingia mitaa yote miwili saa ileile, kwa karedio ka betri. Msee anaskiza jirani wa kabila lile lingine akibonga, akiogopa, akicheka, na anataka kujua kesho itakuwaje. Kumchukia mtu kama huyo inakuwa ngumu.

Na hakuchoka haraka. Vipindi vilivuka 800! Jaribu tu kuandika kumi, ukiwa kwa mji wenye risasi zinalia, halafu uje tubonge.

Kwangu mimi, Burundi haijatoa staa wa maiki mkubwa kuliko yeye. Kama mathe ama shosho yako aliishi Buja miaka hiyo, muulize leo kuhusu hizo familia mbili, halafu weka simu chini umskize.