Barua Pepe ya Siri, Kutoka Windows Hadi Mac

Kazi yangu ni kuwaandalia mawakili kompyuta, na kila mara huulizwa: mimi natumia Windows, mwenzangu ana Mac, tutaandikianaje kwa siri? Inawezekana, tena bure. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa PGP, programu ya kusimba ujumbe, ikazaa kanuni huria za OpenPGP zinazofuatwa na programu za Windows, Mac na Linux. Kila mtu ana funguo mbili: wa wazi huwagawia watu, wa siri haumtoki.

Penye ugumu ni mahali funguo zinapohifadhiwa. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020, programu ya barua pepe Thunderbird ina hifadhi yake. Kwa kawaida haisomi ile ya GnuPG, programu nyingine ya OpenPGP. Basi, ikiwa ufunguo wako uko kwenye GnuPG, uutoe kama faili, uuingize upya kwenye Thunderbird. Kisha mpigie mwenzako simu, msomeane utambulisho wa ufunguo, ambao mara nyingi ni herufi na tarakimu 40, moja baada ya nyingine. Wengi huiruka hatua hii, nami huwasihi wasiiruke, kwani tapeli anaweza kukuletea ufunguo wake kwa jina la mwenzako. Na si kila programu huficha kichwa cha barua. Jina la mteja lisikae hapo.