Kompyuta haijalala, imesinzia: Jinsi uokoaji wa betri unavyochelewesha kazi za usuli

MWANAFUNZI wa isimu anaweza kuiachia kipakatalishi kazi ya kuchanganua maelfu ya sentensi, kisha akafungua dirisha jingine na kuendelea na shughuli zake. Akirejea baada ya saa mbili, anakuta kazi haijafika hata nusu. “Mashine imehang,” atasema, na kuikimbiza kwa fundi. Aghalabu mashine hiyo ni nzima. Imesinzia tu.

Nimekiteua kitenzi ‘kusinzia’ kimakusudi. Katika mazungumzo tumezoea kusema kompyuta ‘imelala’ kila inapozubaa, ilhali hali hizi zinatofautiana. Iliyozimwa haifanyi lolote. Iliyolala huhifadhi kazi kwenye kumbukumbu na kusitisha takriban shughuli zote. Katika kusinzia, kompyuta yenyewe i macho na skrini inawaka. Zinazopunguziwa kasi ni kazi za usuli, yaani zile zinazoendelea nyuma ya dirisha tunalolitazama.

Kwa nini mfumo endeshi ufanye hivyo? Kimsingi, prosesa hutumia umeme kidogo mno inapopumzika. Programu nyingi huomba kuamshwa mara kwa mara ili zikague jambo fulani. Kila ombi likijibiwa papo hapo, prosesa haipati pumziko. Kwa hivyo mfumo huyakusanya maombi na kuyashughulikia kwa mkupuo, mithili ya matatu inayongoja ijae badala ya kubeba abiria mmoja mmoja. Mafuta yanaokolewa, lakini abiria wa kwanza anachelewa.

Mnamo 2013, Apple ilianzisha App Nap katika mfumo wake wa OS X Mavericks. Programu ambayo dirisha lake limefunikwa na haitoi sauti hupunguziwa kipaumbele. Ndiyo maana muziki huendelea kuchezwa bila tatizo huku hesabu ndefu zikijikokota. Mnamo 2015, Android 6.0 ilileta Doze: simu isiyochajiwa, iliyotulia mahali pamoja na ambayo skrini yake imezimwa, huahirisha mawasiliano ya mtandao ya programu hadi vipindi vifupi vinavyozidi kuachana kadiri muda unavyosonga. Windows 10 nayo ilipata utaratibu wake wa kupunguza kasi ya kazi za usuli mnamo 2017.

Hatua hizi si hila. Betri inayodumu kutwa nzima ni neema, hasa pale umeme unapopotea ghafla. Tatizo ni kwamba mfumo hukisia tu. Kwake, dirisha lililofunikwa ni ishara kuwa mwenyewe hana haja nalo, kumbe ndilo lenye tasnifu yake.

Afanyeje basi? Kwanza, achomeke chaja, kwani vizuizi vingi hulegezwa kifaa kinapopata umeme. Pili, aliache dirisha la kazi hiyo likionekana. Tatu, aingie kwenye mipangilio ya betri na kuiondolea vikwazo programu husika. Watunzi wa programu nao wanaweza kuujulisha mfumo kwamba kazi fulani imeagizwa na mtumiaji, hivyo isicheleweshwe.

Hapa ndipo msamiati sahihi unapookoa pesa. Anayemwambia fundi kuwa mashine ‘imekufa’ huenda akauziwa kipuri asichokihitaji. Anayeeleza kwamba kazi za usuli hupungua kasi chaja inapochomolewa, amekwisha kulitatua nusu ya tatizo.